Mtego Uliokwisha Kuteguliwa

Dundee, saa tisa usiku. Ukungu umepanda kutoka mto Tay
ukameza daraja, taa baada ya taa,
hadi ng'ambo ikawa uvumi tu.
Jengo letu zamani lilikuwa kiwanda cha juti.
Kulabu za chuma bado zinaning'inia darini,
na Callum huapa kwamba siku za unyevu
mbao za sakafu hunuka mafuta ya nyangumi.
Mimi sinusi kitu. Mimi nina mashine inayokufa
kila siku ya tisa, bila kuugua.

Nikakifungua kiini.
Humo, juu ya amri moja, nilikuwa nimepiga bandi:
baiti moja, mia mbili na nne,
nimeishikiza mahali pa baiti halali,
na ile halali nimeitia mfukoni.
Anayepita hapo husimama. Mhudumu huamka,
huandika: nani kapita, saa ngapi, kabeba nini,
kisha huitoa ile ya mfukoni, huipitisha,
haya, nenda,
na safari huendelea
kama mtu aliyejikwaa akajifanya anakimbia.

Lakini prosesa ziko nane, na hazingojani.
Ya pili imekanyaga. Imenasa.
Kabla mhudumu hajafikicha macho
ya tano imekuja na mkasi, imefumua bandi,
imerudisha baiti ya kwanza mahali pake,
laini, wala hudhani palishonwa.
Mhudumu anainama, anatazama.
Mtego hakuna. Aliyenaswa yupo.
Anafungua daftari: hakuna jina.
Basi anasema, hili si langu,
analisukuma juu, na huko juu hakuna mtu,
na kiini, ambacho huona heri kufa kuliko kubahatisha,
kinajizima.

Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo:
hilo nililijua kabla sijajua kusoma.
Sikuambiwa kwamba mtego waweza kunasa
ukiwa haupo.

Simu ikalia mara moja, ikakata.
Bipu. Tanga.
Kwetu bipu si simu, ni mkono begani.
Nikapiga. "Mwanakheri, kuna nini?"
"Nani, mie? Sijabipu."
Kimya. Huko kwao kumekucha, nasikia mtu anafagia.
Kisha: "Aa. Mama alipandwa na homa usiku.
Nilishika simu nikuite, akanikataza.
Sasa kashuka. Kanywa uji."
"Kwa hiyo hakuna kitu."
"Hakuna. Rudi kazini kwako."

Nikabaki na simu mkononi, jasho limeganda mgongoni,
nimenaswa na kitu kilichokwisha kuondolewa
maili elfu nne na ushei kutoka hapa.
Nilitaka kuuliza homa ilifika nyuzi ngapi.
Nilitaka kuuliza uji wa nini.

Kabla hakujapambazuka nikaandika mistari michache:
ukifika ukakuta mtego haupo, usipige yowe.
Soma tena baiti iliyo chini ya mguu.
Kama si mia mbili na nne, kuna mwenzio amekuwahi.
Rudi nyuma baiti moja, moja tu,
kisha pita
kana kwamba ndiyo kwanza unafika.

Callum akaja na mkate wa soseji, akasoma amesimama.
"Kurudi hatua moja? Basi?"
Basi.
Akatafuna. "Na tutajuaje kama imepona?"
Nikamwambia, tuhesabu siku kumi.

Leo ni ya sita.
Daraja limerudi, lote, hadi nguzo ya mwisho.
Kila jioni nampigia Mama mwenyewe, namuuliza nyuzi,
naye hunijibu kwa bei ya nazi.