Chupa ya Saba

Mdogo wangu Mhina alinipa punje,
ndogo kama mbegu ya mchicha,
imefungwa kwenye karatasi ya sigara.
"Dada, hiyo ni ya kwanza. Itengenezee kipini."
Pua yangu haijatobolewa.
Miaka yote hiyo hakuwahi kuitazama.

Nikaitia kwenye maji ya kifalme,
asidi mbili pamoja, maana moja peke yake haiiwezi dhahabu,
ikatoa povu, ikaondoka
kama mgeni asiyeaga.
Kikabaki kimanjano cha chai ya mchaichai.
Nikakichemsha. Nikatia chumvi itokanayo na ndimu.
Rangi ikapotea, ikaja kijivu, ikanitisha kwa weusi,
halafu, polepole, rozela.
Rozela kabisa, ile ya jagi la Barabara ya Kumi na Mbili.
Ungetia barafu, ungekunywa.

Shuleni tulikaririshwa: ving'aavyo vyote si dhahabu.
Upande wa pili hawakuufundisha,
kwamba ipo dhahabu isiyong'aa,
chembe ambazo elfu sita
zikisimama bega kwa bega
ndipo zinatimiza unene wa unywele mmoja.
Kila chembe imejitanda uchachu wa ndimu
na haimtaki jirani.
Wekundu ni umbali,
ndivyo ninavyowaambia vijana wa mafunzo hapa Chumbageni,
wekundu ni nafasi kati ya nyumba na nyumba.
Akija wa kuzikusanya, zikashikana,
rangi inahama mtaa.

Na zebaki hukusanya. Ndiyo kazi yake.
Huko juu mtoni, ndani ya karai,
inakusanya hivyo hivyo, na watu wanaishukuru.

Kifaa chetu ni bati la biskuti
lililopakwa masizi ndani.
Taa mbili upande huu, ya kijani na nyekundu, zinapokezana;
upande wa pili kijicho kinachohesabu mwanga uliovuka.
Betri zake ni za redio.
Wageni wakija tunalifunika kwa kitambaa.

Alhamisi Shekue alishusha chupa kumi na mbili
kutoka Muheza, juu ya lori la machungwa.
Ya kwanza, rozela. Ya pili, rozela.
Ya tano ilikuwa na jani ndani, nikamsema.
Ya sita, rozela.
Ya saba: *Kwemdimu, chini ya karo.*
Nilidondosha matone, nikageuka kutafuta kalamu,
nilipogeuka tena
ilikuwa rangi ya ulimi wa mtoto
aliyekula zambarau akaapa hakula.

Nikarudia. Zambarau.
Umeme ukakatika; bati halikujali.
Nikarudia mara ya tatu, kwa mkono mwingine,
kana kwamba kosa lilikuwa la mkono.

Kwemdimu wako watu ishirini na makarai.
Mmoja nilimbeba mgongoni
mpaka alipojua kusema "niteremshe".
Punje yake ndiyo iliyo kwenye kichupa changu.
Nilimyeyushia zawadi yake
nikaifanya shahidi,
na shahidi ameulizwa mara tatu.

Fomu ina mstari wa mwisho: *Maelezo mengine.*
Nikakumbuka Idi, nyumbani,
kikombe chake kikigonga kisahani,
kikigonga, kikigonga,
chai ikimwagikia kidoleni, naye haoni.
Tulicheka. Tukasema baridi ya mlimani imemfuata.
Mama akamfunika kanga.

Nikaandika tarakimu. Nikaandika jina la kijito.
Mstari wa mwisho niliuacha.
Kisha nikapanda juu ya stuli, dirishani, panaposhika mtandao.

"Dada! Kipini vipi, kimekukaa?"
Nyuma yake nilisikia maji, na mtu akipiga mluzi.
Nikatazama ile chupa kwenye mwanga wa uani.

"Njoo ukione," nikasema.
"Usingoje mwisho wa wiki. Njoo kesho,
na hiyo mikono usiitie majini tena leo."