Hodi ya Kichwani

Tottori, theluji dirishani. Bwana Kiyomatsu,
fundi saa mstaafu, sikio la kushoto limekufa,
amevishwa kofia ya nyaya na jeli baridi.
"Usifanye lolote," anasema Hatsue. "Keti tu."

Sauti inapenya, nyembamba,
sikio la mtu haliifikii.
Yeye anawaza supu ya kaa,
na soksi zake zilizolowa.

Kitasa kinafyatuka: ta!

Anageuka. "Nimejibu nini?"
"Jina lako."
"Sikulitaja."
"Ubongo umelitaja, kwa mawimbi yake."

Ananyamaza. Anaona haya kidogo,
kama mwenye nyumba aliyelala fofofo,
kumbe humo ndani,
miaka yote sabini na minne,
yupo mtu asiyemjua
anayeitikia hodi.