Hesabu ya Bidoni

Ng'ombe wetu anaitwa Deni,
maana tulimpata kwa mkopo
ambao Mzee Zihindula hajausahau.
Saa kumi na moja, Kabare ingali imejifunika ukungu,
mimi niko nyuma yake na kopo la maziwa ya unga,
nangoja.
Majirani hucheka: "Mama Nsimire anakama upande usiofaa!"
Wacheke.

Mkojo makopo matano, mavi mabichi karai moja,
maji ya miwa iliyopondwa, konzi ya unga wa maharage,
na udongo wa kiganja kutoka chini ya mvumu,
pale ambapo jembe halijawahi kufika.
Koroga. Funika kwa gunia. Siku mbili
pipa linachemka bila moto, linanong'ona,
na harufu inaingia hadi kwenye kikwembe changu cha misa.

Mbolea ya dukani, kule Kadutu,
mfuko mmoja unameza franka zote
na mwaka ujao unamwita ndugu yake.
Deni anakula matete. Hatoi risiti.

Soya ilipoanza kutoa maua
niling'oa mche mmoja kwa makusudi,
nikapasua kinundu cha mzizi kwa ukucha:
ndani, rangi ya fizi za mtoto mchanga.
Nikakaa pale tutani. Sikumwambia mtu.

Kisha Mugisho akataka kuoa.
Wanaume wakaketi wakihesabu mahari:
mbuzi wanne, majembe mawili, na Deni.
"Ng'ombe ndiye heshima," wakasema. Ni kweli.
Hakuna aliyehesabu mkojo.
Nikasema, sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyopanga:
mkimtoa huyo, mnatoa na shamba,
linashuka kilima kwa miguu minne
likitingisha mkia.

Akaenda hata hivyo. Walungu, kwa kamba mpya.
Pipa likakauka, nyuki wakaacha kulizunguka.

Wiki tatu baada ya harusi
mkwe wangu akarudi kutoka kuwaamkia wazazi wake.
Akashuka kwenye pikipiki, akajitwika bidoni ya njano,
lita ishirini, akapanda njia yetu polepole
kama mtu aliyebeba mafuta ya askofu.
Akaitua mlangoni. Akafungua kifuniko.
Harufu ile.
"Baba amesema…" akaanza,
kicheko kikamkaba, hakumaliza.

Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani
kutafuta kopo.