Mlinda Lango

Miaka kumi na tisa nalinda lango la maji
nje kidogo ya Dokkum.
Tishali la mchanga hupiga honi, nabonyeza,
ukuta wa chuma unaachana, maji yanalingana,
nahodha ananipungia mkono, anakwenda zake.
Hiyo ndiyo kazi. Haina hadithi.

Wobke akiwa mjamzito, maji ya uzazi yalimzidi.
Mkunga akapima tumbo kwa utepe, akapima tena.
"Huenda mtoto anameza," alisema, "lakini hayapiti."
Nikacheka. Maji yasiyopita!
Niite mimi, nikamwambia, nije na funguo zangu.

Hiske alizaliwa Jumanne, kilo mbili na robo.
Akanyonya kwa pupa, akarudisha.
Akanyonya. Akarudisha.
Meupe tu, bila tone la kijani la nyongo.
Muuguzi aliinua taulo kwenye taa
kama mtu anayekagua noti bandia.

Kule Groningen walituonyesha picha:
kiputo kimoja cha hewa, cheusi, chini ya mbavu,
na chini yake, hakuna.
Daktari Terpstra, mwanamke mfupi mwenye mafua,
aliweka ncha ya kalamu pale kiputo kilipokoma.
"Hapa ndipo tumbo linapomwaga kwenye utumbo.
Wagiriki wa kale walipaita mlinda lango.
Kwa binti yenu pamezibwa na utando.
Kazi yangu yote, huyu ni wa pili."

Mlinda lango. Nikatazama viganja vyangu,
grisi imeganda kwenye mikunjo,
nikaona haya
kama mtu aliyetajwa jina mahakamani.

Walimchukua. Tulikaa saa tatu.
Mashine ya kahawa ikameza sarafu yangu, isitoe kitu.
"Usiipige teke," Wobke alisema.
Nikaipiga.

Utando ule, tuliambiwa baadaye,
ulikuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

Siku ya nane wakampa maziwa, mililita tano.
Tukamkodolea macho, hatusemi.
Dakika kumi. Ishirini.
Akapiga chafya, akalala.

Siku ya kumi nilikuwa kazini, simu ikalia.
Wobke, analia, anacheka, ananielezea nepi:
rangi yake, uzito wake, hata harufu.
Nje tishali linapiga honi, mara mbili, mara tatu,
nahodha amesimama sitahani, mikono kiunoni.

Nikavuta kipaza sauti.
Subiri kidogo, bwana.
Kuna mwingine anapita.