Daftari la Mtu wa Kuja

Milioni kumi na moja na laki mbili:
hicho ndicho kiinua mgongo changu,
miaka thelathini na mitatu ya kuhesabu magunia ya watu
bandarini Malindi.
Mgongo haukuinuka. Nikavuka nao hivyo hivyo hadi Wete,
na begi, na jiko la mafuta, na daftari jipya.

Shengejuu wakaniuzia mikarafuu ishirini na minne.
Sheha akapiga muhuri, Faki Asaa akatia dole gumba,
na mkewe, mlangoni, akipeta mchele, akasema:
"Ishirini na mitatu."
Nikahesabu tena. Ishirini na minne.
"Ule wa karibu na mfenesi hauuzwi. Una Sanura chini yake."
Nikaruka nyuma.
Wakacheka mpaka sheha akasahau kofia yake.
Sanura yu hai, yuko Chake, anashona nguo.
Kilicho chini ya mti ni kitovu chake tu.

Nilitaka nipunguziwe bei.
Ndiyo, nilisema. Naona haya hadi leo.

Mwaka wa kwanza nikaandika:
palizi, elfu themanini;
majamvi sita ya kuanikia;
kamba, ngoe, pishi mpya ya bati;
mapato, sifuri.
Mikarafuu ilitoa majani, majani, majani,
kama karani apigaye mihuri kutwa asitoe risiti.
"Mkarafuu si mshahara," akaniambia Bi Time.
"Ukitaka mwisho wa mwezi, rudi kwenu."

Nikabaki. Si kwa ujasiri.
Nauli ilikuwepo, ila niliogopa baraza la wenzangu
na lile swali lao: imeleta ngapi?

Hapo yakaanza mambo yasiyo na safu.
Papai mlangoni, halina jina.
Mihogo, udongo wake bado mbichi.
Homa iliponishika, mtu alinichotea maji siku tisa,
sijui nani;
ndoo niliiacha kisimani, ikachukuliwa.
Nikamuuliza Bi Time, haya niyaandike wapi?
"Andika tumboni," akasema, akaenda zake.

Nami nikakopwa.
Simu yangu ikawa ya kijiji,
macho yangu yakawa ya kusomea barua za kesi za mipaka,
wajukuu wa Faki wakaja na hesabu za kugawanya
wakaondoka na kalamu.
Kalamu kumi na saba. Hizo nimeziandika.

Mwaka wa tatu karafuu zikaja,
zikaja kama watu walionusa pilau.
Wachumaji wakitaniana matawini,
jioni nikilipa pishi kwa pishi, vidole vinanuka,
usiku kina mama wanachambua, makonyo huku, karafuu kule,
na masengenyo katikati.
Siku moja wingu likatokea upande wa Mtambwe:
watu ishirini walikuwa kwenye majamvi yangu
kabla sijapata shati.

Sanura akaja kutoka Chake, akachuma mti wake peke yake.
Nikampimia kama wengine, nikamlipa bei ya mwenye shamba.
Hakushukuru. Kwani nilimpa nini?

Madeni nimelipa. Tajiri sijawa.
Nikanunua miche arubaini.
Mche wataka miaka saba, pengine minane, uanze kusema;
mimi ninayo sitini na tatu.
"Wampandia nani?" Faki akauliza.
Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.
Nilikuwa nimevaa ndara.

Jana alfajiri kijana wake mdogo alibisha hodi,
mkononi jani la mgomba limefungwa uzi mweupe.
Mtoto ana siku nane.
"Baba anauliza kama ipo nafasi kwenye miche yako."

Nilichimba mwenyewe. Udongo mwekundu, mvua ya usiku ndani yake.
Kisha nikakaa na daftari hadi adhuhuri,
safu ya mali, safu ya deni,
kalamu ikikauka.
Mwisho nikafuta, nikaandika:
miche, thelathini na tisa.