Saa ya Truda

Saa nane usiku, Alhamisi, mji umelala
chini ya theluji iliyochanganyika na masizi.
Nafungua mlango wa pembeni kwa ufunguo wa marehemu,
bado una utepe wake wa buluu.

Orodha ukutani inasema: Gertruda Wieczorek.
Katibu wa parokia aliniuliza, tulifute, tuandike Alojz?
Nikamwambia liache. Saa ni yake.
Mimi namshikia tu.

Miaka thelathini na mmoja nilichimba makaa ya mawe,
mita mia saba chini ya viatu vya watu.
Basi Padre Norbert akihubiri juu ya kina cha sala
nacheka kimoyomoyo: kina nakijua, Padre.
Kina ni giza, na jasho, na panya anayekula mkate wako.
Hushuki kwa kutaka. Unashushwa kizimbani
pamoja na wenzako, tumbo likibaki juu.

Miezi ya mwanzo sikusali.
Nilihesabu matofali. Nilisinzia.
Rozari ya Truda ilinikatikia mkononi kwenye tendo la tatu,
shanga zikatawanyika chini ya mabenchi,
nikatambaa kuzitafuta kwa magoti haya mabovu
nikitukana, mbele ya Sakramenti Takatifu, nikitukana.
Naye hakusema kitu.
Duara jeupe tu, juu pale,
kama mdomo wa shimo unavyoonekana ukiwa chini kabisa.

Kule mgodini tulizoea kuzima mashine,
tukanyamaza, tukasikiliza dari.
Mwamba husema kabla ya kuanguka:
mlio mdogo, kama mtu anayetafuna kitunguu.
Asiyenyamaza hazeeki.

Ndivyo nilivyoanza. Nilizima maneno.
Wiki ya kwanza nilisikia bomba la joto likigongagonga.
Ya pili, tumbo langu.
Ya tano, jina.

Rufin.
Aliyetia saini kwamba nguzo ni nzima.
Mdogo wangu Hubert alikuwa chini ya nguzo hizo.
Miaka ishirini na sita
nikimwona navuka barabara.

Nilileta Salamu Maria hamsini kulifukia jina lile.
Likarudi.

Juzi nimemkuta kwa mwoka mikate,
mzee, mkono unatetemeka, sarafu zinamdondoka.
Nikapiga magoti, si nimeshazoea kuokota,
nikaokota.
Hatukuongea. Alinishika bega ili asianguke,
au ili nisiinuke upesi.

Msiniulize kama nimemsamehe.
Bado nashuka.

Rozari nimeiunga kwa uzi wa viatu.
Imepungua shanga moja, sikuipata hadi leo,
labda mfagizi aliizoa na vumbi.
Kidole kikifika penye pengo
hakina cha kushika,
hapo ndipo nalitaja jina lake,
taratibu,
nikisikiliza dari.