Nani Kasema?

Zaven alikuja na unga kwenye nyusi,
moja kwa moja kutoka zamu ya usiku ya tanuri la mikate,
akaketi kando yangu katika maktaba ya Gyumri
ambako hita moja inahudumia vyumba vitatu
na hakuna hata kimoja kinachopata joto.
"Nataka kuandika," akasema, "juu ya kinu chetu."

Mgeni siku mbili. Ya tatu nilimpa tanbihi.

Alikuwa na sentensi moja, kaitolea jasho:
"Kinu cha Karahovit ni kizuri kuliko vinu vyote,
kilijengwa na babu wa babu yangu
kwa mikono yake miwili."
Nani kasema?
"Babu."
Na babu kaambiwa na nani?
Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitambulisho
mlangoni kwake mwenyewe.

Sikucheka. Mimi nami nilifika hivyo miaka tisa iliyopita,
mstaafu wa reli, na makala yangu ya kwanza,
juu ya stesheni niliyoitumikia ujana wote,
ikafutwa kabla chai yangu haijapoa.
Aliyeifuta alijiita Kunguru wa Saba.
Nilimtukana kwa sauti, peke yangu jikoni,
mpaka paka akahama chumba.
Wiki moja baadaye Kunguru huyohuyo akaniandikia:
"Mama, rudi. Lete gazeti, lete kitabu,
lete chochote chenye tarehe."
Hadi leo sijui sura yake.
Najua tu kwamba hapendi nukta mkato.

Basi tukaanza kupunguza, mimi na Zaven.
"Kizuri" likaenda. "Kuliko vyote" likaenda.
"Kwa mikono yake miwili" aliling'ang'ania siku nne.
Nikamwambia, reli ilinifundisha jambo moja:
treni iliyotazamiwa siyo treni iliyofika.
Daftarini unaandika ile iliyofika.

Februari tukafunua magazeti ya zamani ya wilaya,
karatasi zimekauka kama lavashi ya juma lililopita,
tukipokezana chafya.
Ukurasa wa nne, kati ya bei ya sufu
na tangazo la ng'ombe aliyepotea:
kinu kimefunguliwa, mjenzi ni fundi Galust.
Galust. Si babu wa babu.
Zaven alisoma mara tatu, kidole juu ya jina
kana kwamba lingesugulika likatoka.
Nilikuwa na la kusema, nikamenya chungwa,
nikampa nusu.
Alipomaliza kula akafuta vidole kwenye suruali
na kuchapa, herufi moja moja,
jina la mtu baki.

Usiku uleule asiyejulikana akaingia
akapachika tusi katikati ya makala.
Saa tisa simu ikaniamsha: "Wameiharibu!"
Fungua historia. Unaliona toleo la jana?
"Naliona."
Lirudishe. Sasa kalale.
"Na akija tena?"
Nitakuwa macho. Umri huu usingizi ni wa kuazima.

Jumapili akamsomea babu yake makala yote,
mistari kumi na mmoja.
Mzee alisikiliza, kiganja nyuma ya sikio.
"Na sisi tuko wapi?"
Hatumo, babu.
"Huyo Galust, nani kasema?"
Zaven akatoa picha ya gazeti.
Mzee akaisogeza mbali, akaisogeza karibu,
akaguna kwa muda mrefu.
"Galust," akasema. "Ahaa. Yule aliyekufa na deni letu la mbao."

Alinisimulia hayo akicheka,
unga ukinyunyizika juu ya kibodi ya serikali.
Kisha akanyamaza, akanikaribia:
"Hilo la mbao, je, tunaweza..."
Nikamtazama tu, juu ya miwani.
"Najua," akasema, akivuta rundo lingine la magazeti.
"Najua. Ngoja nitafute."